Mkutubi wa Shule na Hesabu ya Vitabu

Mgeni apitaye katika shule za Migosi, hapa Kisumu, akauliza habari za maktaba, aghalabu huonyeshwa chumba au kabati, akatajiwa idadi ya vitabu vilivyomo, kwa maana tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvifikisha moja kwa moja shuleni kwa nia ya kumpa kila mwanafunzi kitabu chake, idadi imekuwa ndiyo fahari ya kwanza ya mwalimu mkuu. Sina ugomvi na idadi. Lakini liko jaribio lililofanywa kaskazini yetu, upande wa Busia na Teso, ambalo kila mwenye dhamana ya maktaba ya shule angelifahamu angepanga kazi yake kwa namna nyingine.

Mnamo mwaka 1996 shirika moja la misaada la Kiholanzi lilizitwaa shule za msingi 100 katika wilaya hizo, zikagawanywa mafungu manne ya shule 25 pasipo kutazama ipi tajiri na ipi fukara, fungu la kwanza likapelekewa vitabu vya Kiingereza, hesabu na sayansi, na mengine yakawekwa yangoje zamu yake. Ustadi wa jambo lenyewe umo katika ule mgawanyo: kwa kuwa hapakuwa na upendeleo, tofauti yoyote ambayo ingeonekana baadaye katika mitihani isingeweza kusingiziwa mali ya wazazi wala ukali wa mwalimu, bali ingetokana na vitabu vyenyewe. Wataalamu watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wakafuatilia matokeo, wakachapisha uchambuzi wao mwaka 2009; na huyo Kremer ndiye aliyekuja kushirikishwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo, ambao kitabu kilipowafikia walikuwa na uwezo wa kukisoma peke yao. Waliobaki, nao ndio wengi, walikipokea, wakakibeba, wakakirudisha. Sababu waliyoitaja watafiti hao haihitaji ramli: kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa Busia aghalabu ni lugha ya tatu, baada ya ile ya mama yake na baada ya Kiswahili, tena mtaala wenyewe ulikimbia mbele ya wanafunzi wa kawaida.

Mwepesi wa kuhukumu atasema basi vitabu ni bure. Hayo siyo yaliyothibitishwa. Lililothibitishwa ni kwamba baina ya kitabu na msomaji dhaifu ipo nafasi tupu, na kwamba kuongeza vitabu hakuizibi. Hapa kwetu jambo la jinsi hiyo lilionekana tena katika mradi wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, uliofanywa baina ya 2011 na 2014, ambapo katika kaunti ya Kisumu baadhi ya shule wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vya elektroniki, nyingine walimu wakapewa tableti, na nyingine tena tableti hizo wakapewa washauri wanaowazungukia walimu madarasani. Vifaa hivyo vya madarasani havikuleta maendeleo ya kusoma yaliyopita kwa dhahiri yale ya mpango wa kawaida, wa vitabu vizuri na mwalimu aliyeelekezwa vema, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi.

Nafasi ile ndiyo kazi ya mkutubi, nami napenda kuitazama kwa karibu, kwa kuwa wengi hudhani kazi yake ni kupiga mhuri na kunyamazisha watoto. Tuchukue mwanafunzi wa gredi ya 8 aliyeagizwa kuchunguza magugu maji yanayoiziba Ghuba ya Winam. Mfumo wa kupanga vitabu alioutunga Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, unaofuatwa na maktaba nyingi duniani, huitawanya habari hiyo moja chumba kizima: mimea mharibifu iko 632, uvuvi 639, usafiri wa maji ya bara 386, jiografia ya nchi 916, na historia yake 967. Mtoto aliyeachwa peke yake ataishia kwenye rafu ya sayansi, atanakili aya mbili, aondoke. Mkutubi ajuaye kazi yake alikwisha omba maazimio ya kazi kwa walimu muhula ulipofunguliwa, akajua magugu maji yatafundishwa juma gani, na kabla ya juma hilo huvishusha vitabu kutoka rafu zote hizo, akaviweka juu ya meza moja, na kila kimoja akakitia kipande cha karatasi penye ukurasa unaohusika. Msomaji dhaifu humwanzisha kwa kitabu chembamba, au cha Kiswahili, ndipo ampandishe kwenye kile kizito. Na wote huwafundisha kulifuata neno katika faharasa, kisha kusoma, kukifunga kitabu, na kuandika kikiwa kimefungwa, maana hapo kunakili hakuwezekani. Mtaala wa umilisi ulioanza kushika nafasi mwaka 2017 unadai uchunguzi wa namna hii, na bila maandalizi hayo mzazi ndiye atakayeifanya kazi hiyo usiku.

Katika sekondari dalili ya mkutubi kukosekana huonekana kwenye majalada. Miongozo ya riwaya teule imechakaa hata kurasa zinaning'inia, ilhali riwaya yenyewe ni safi kama ilivyotoka dukani.

Faida ya mkutubi imewahi kupimwa: mwaka 1993 mtafiti Keith Curry Lance na wenzake katika jimbo la Colorado, Marekani, waliona kwamba shule zenye wakutubi na vitabu vya kutosha zilikuwa na alama bora hata baada ya kuzingatia ufukara wa wazazi. Nausoma utafiti huo kwa hadhari, kwa kuwa kuandamana kwa mambo mawili si hoja kwamba moja limezaa jingine. Ule wa Busia nauamini zaidi.

Kwetu kikwazo cha kumpata mkutubi ni cha utawala. Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu, na mkutubi, akiwapo, hulipwa na bodi ya shule kwa fedha itakazoweza kupata. Katiba ya 2010 nayo imeziweka maktaba za umma mikononi mwa kaunti, shule za msingi na sekondari zikabaki za serikali kuu, hata maktaba ya mjini na shule ya Migosi zina mabwana wawili. Kwa hiyo ufunguo hukabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vyake, naye akiingia darasani chumba hufungwa.

Mwalimu huyo, akiwa hana wakati wa yote niliyoyaeleza, anaweza kuanza na daftari lake la kuazimisha. Pembeni ya jina la kitabu na tarehe ya kurudishwa aongeze safu moja, aandike swali gani lilimleta mtoto; baada ya muhula atawajua wale wasiokuja kabisa, na hao ndio wanafunzi wa Busia.