Shela, Upepo na Mpiga Picha wa Singida

Misa ya ndoa ikianza saa nne na nusu asubuhi mjini Singida, ikaongezwa nyimbo za kwaya na matangazo, maharusi watatoka mlangoni saa saba kasoro. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote za kupiga picha. Mji huu umekaa magharibi kiasi kwamba jua lake hufika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba. Uko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na anga yake ya kiangazi haina ule unyevu wa pwani unaolainisha mwanga. Mwanga unashuka wima. Macho yanageuka mashimo meusi chini ya nyusi, pua inatupa kivuli mdomoni, gauni jeupe linawaka mpaka nakshi zake zinapotea. Wakati huohuo vigelegele vimepanda, matarumbeta yameanza, na kila mwenye simu amejipanga mbele.

Anayeijua kazi yake alipita hapo kanisani siku moja kabla, saa ileile. Anajua ukuta upi una kivuli na kivuli hicho kinatosha watu wangapi. Anajua kwamba uwanja wa changarawe nyeupe, ile inayotokana na majabali ya Singida, unaurudisha mwanga kutoka chini na kuujaza usoni. Basi anawasimamisha maharusi ndani kidogo ya kizingiti, mahali ambapo paa bado linawafunika lakini uwanja wote unaong'aa uko mbele yao. Ni suala la hatua mbili. Akipiga hapo, macho ya bi harusi yanaonekana, uso una uhai, na lesi ya gauni inahesabika uzi kwa uzi. Akiwaacha wazipige zile hatua mbili kabla hajawa tayari, picha ya mlangoni imepotea, na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha.

Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii huuliza kwanza anunue kamera gani. Ningemshauri swali hilo aliweke la tano au la sita. Mpiga picha wa harusi anaishi kwa kujua kinachofuata: pete itavishwa mkono upi na padri atasimama wapi, mama atalia wakati gani, kisu cha keki kitapita kwa nani. Mambo haya hujifunzwa kwa kuhudhuria harusi na kubeba begi la mtu mwingine. Nenda kwa mpiga picha mkongwe wa mjini, mwombe akuchukue kama msaidizi, hata kama malipo ni nauli na chakula. Mshikie taa. Tazama anasimama wapi kabla jambo halijatokea, kwa maana huyo mzee huwa amekwisha kufika pale wengine wanapokimbilia.

Subira hii ina ukoo mrefu kwetu. Zamani maharusi ndio waliomfuata mpiga picha. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa miongo kadhaa watu walikwenda kwao wakiwa wamevaa nguo zao bora wasimame mbele ya pazia, taa zipangwe, kidevu kiinuliwe kidogo, mkono uwekwe begani. Filamu ilikuwa ghali. Huko Bamako, Seydou Keïta, aliyeanza studio yake mwaka 1948, alisifika kwa kumpiga mteja picha moja tu, baada ya kumpanga kwa uangalifu mkubwa. Leo kadi ya kumbukumbu inabeba maelfu ya picha, na wengi wanaoanza hushikilia kitufe kikilia kama cherehani, wakitumaini kwamba kati ya mia moja itapatikana moja nzuri. Fundi bado hufanya kazi kama filamu ingalipo. Anapanga, anangoja, anapiga mbili au tatu, anashusha kamera na kutazama kwa macho yake.

Kwenye ngozi zetu subira hiyo ina kazi ya pekee. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni rangi ya kijivu ya katikati. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wa bi harusi huzama gizani. Suti nyeusi ikijaa, huongeza, na jasho la paji la uso hung'aa kama kioo. Filamu nazo zilikuwa na dhambi yake: kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi iliyoitwa Shirley, yenye sura ya mwanamke mweupe, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha hiyo mwanzoni. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu. Kampuni ilianza kurekebisha filamu zake watengenezaji wa samani na chokoleti walipolalamika kwamba rangi za kahawia hazitokei vizuri. Kwa hiyo mpiga picha wa Singida asiiamini mashine. Apimie mwanga usoni, amgeuze bi harusi aelekee upande wenye mwanga mpana ili tofauti kati ya uso na gauni ipungue, kisha apige. Na akifika kwenye kompyuta, asimweupishe mtu. Hili nalisema kwa uchungu, maana naziona albamu ambazo bi harusi wa Kinyaturu au wa Kinyiramba amepakwa weupe mpaka mama yake inabidi amtafute. Rangi ya huyo binti ni nzuri, na kazi ya fundi ni kuionyesha.

Jioni ni habari nyingine. Mji umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na majabali makubwa yamepangana ukingoni yakingoja maharusi. Jua huzama saa moja kasoro, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja una mwanga wa dhahabu unaolala juu ya mawe na kuyapa joto. Tatizo ni upepo. Upepo wa Singida una nguvu kiasi kwamba watu wamepanga kuujengea mitambo ya umeme, na shela jepesi mbele yake halina ubishi: linamfunika bi harusi uso, linanasa kwenye hereni, linampiga bwana harusi machoni. Mgeni wa mkoa hupambana nalo kwa pini. Mwenyeji anafanya jambo moja ambalo mimi naliona ni werevu mtupu. Kwa miezi mingi upepo wa huku huvuma kutoka upande wa mashariki, na jioni jua liko magharibi. Akiwasimamisha maharusi jua likiwa mgongoni mwao, nyuso zao zinaelekea mashariki, unakotoka upepo. Shela linarushwa nyuma, mbali na uso, moja kwa moja kwenye lile jua linalozama, na kitambaa chote kinawaka mwanga. Upepo uliokuwa adui umefanya kazi ya msaidizi bila kulipwa. Inabaki kuujaza uso kwa kiakisi cheupe, au flashi iliyopunguzwa nguvu, na kumngoja bi harusi acheke mwenyewe.

Lakini ukiniuliza picha ipi ni ngumu kuliko zote, nitakujibu ni ile ya ukoo. Hapo fundi hufanya kazi ya mzee wa familia. Wiki ya harusi humtafuta shangazi mmoja wa kila upande, mwenye kumbukumbu, wakae naye waandike orodha: nani ni baba mkubwa, nani amesimama mahali pa baba aliyefariki, yupi asiwekwe karibu na yupi, bibi gani hawezi kusimama muda mrefu. Siku yenyewe shangazi huyo huita majina na mpiga picha hupanga. Bibi hupigwa kwanza, akiwa ameketi kivulini, ameandaliwa khanga na kitambaa chake cha kichwa. Ametoka Mkalama au Ikungi kwa basi la alfajiri, amechoka, na heshima yake ni kutongojeshwa. Mpiga picha mwema humpiga pia peke yake, bila kuombwa na bila kudai. Kwenye familia nyingi picha ya namna hiyo ndiyo nzuri pekee aliyowahi kupigwa mzee, na siku moja itawekwa kwenye jeneza lake na kwenye ukuta wa wajukuu.

Singida ina Waislamu wengi, na nikaha ina utaratibu wake. Bwana harusi na wazee wako upande mmoja, bi harusi yuko ndani na wanawake, na huko ndani ndiko kuliko na hina, udi, nyimbo na machozi. Mwanamume mwenye kamera hana kazi huko. Msichana anayejua kupiga picha anaingia, anapokelewa, na analeta picha ambazo hakuna mwingine angezipata. Kama wewe ni binti na unasitasita kuanza kazi hii, anzia hapo. Kama wewe ni mwanamume, tafuta mwenzako wa kike, mgawane kazi na malipo sawasawa. Kanisani vilevile, nenda kwa padri au mchungaji kabla ya siku. Kuna wanaokataza flashi wakati wa kiapo, kuna wasiotaka mtu apite mbele ya altare. Ukikubaliana nao mapema, mara nyingine wao wenyewe watakuonyesha mahali pazuri pa kusimama.

Ukumbini usiku taa za rangi ndizo adui. Zambarau na buluu hupendeza kwa macho na kuharibu nyuso. Vitambaa vyeupe vilivyotandwa na wapambaji darini vinafaa sana: elekeza flashi huko juu, mwanga urudi umelainika. Zungumza na MC kabla ya sherehe, umwombe asikimbize keki wala shampeni, ahesabu moja mpaka tatu. Kuselebuka kukianza, tangulia mbele ya msafara, utembee kinyumenyume.

Sasa fedha, ambazo wengi huzionea haya. Mteja wako halisi ni kamati ya harusi. Bajeti yake inatokana na michango, na michango huja kwa kusuasua. Andikianeni makubaliano hata ya ukurasa mmoja: saa za kazi, idadi ya picha zitakazosafishwa, siku ya kukabidhi, nani analipa mafuta ya kwenda Kiomboi au Itigi. Chukua sehemu ya malipo ndiyo uiandike tarehe yao kwenye daftari, na salio lipwe kabla ya siku yenyewe. Kamati ikishavunjwa, na sherehe ya kuivunja ikishaliwa kuku na mbuzi, hakuna tena mwenyekiti wa kumdai. Utabaki unawasumbua maharusi wawili wanaoanza maisha.

Kalenda nayo uisome. Baada ya mavuno ya alizeti fedha ipo na harusi ni nyingi, na Desemba ndugu wa mijini wako likizo. Kwaresima na Ramadhani harusi husimama. Miezi hiyo utakula kwa picha za pasipoti, mahafali na ubatizo, na ni wakati mzuri wa kukamilisha jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA na leseni ya halmashauri. Usikope kununua kamera kubwa. Kamera moja iliyotumika yenye afya, lenzi ya milimita 50 ile nafuu inayofunguka mpaka 1.8, flashi moja, betri za akiba na kadi zaidi ya moja vinatosha kuanza. Kamera ya pili ikodi siku ya kazi, kwa sababu kiapo hakirudiwi mashine ikigoma.

Usiku ukirudi nyumbani, usilale kabla picha hazijakaa mahali pawili, na asubuhi nakala moja ipelekwe nyumba nyingine. Usirushe picha ya mtu mtandaoni kabla hujamwomba ruhusa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata pasipo sheria adabu inatosha. Kisha kaa uchague. Kuchagua ndiko kunakochosha kuliko yote, na huko ndiko unakomwona fundi: anaziondoa picha kumi zinazofanana ili kubakiza moja ambayo baba wa bi harusi amefumba mdomo akijizuia.

Hiyo isafishe kwenye karatasi. Simu zinaibwa, zinaanguka majini, zinabadilishwa, nazo picha zinakwenda. Gharama ya albamu na ya picha kubwa moja ya ukoo iingize kwenye bei tangu siku ya kwanza mnapokaa na kamati, kabla hawajakuuliza punguzo. Ukipeleka albamu, ipeleke mwenyewe mpaka nyumbani kwa wazazi, ukae, watu waifungue ukiwepo. Sikiliza wanasimama kwenye ukurasa gani na wanaitaja picha ipi ambayo hukuipiga. Iandike kwenye daftari, uwe nayo Jumamosi ijayo.