Istilahi za Mihadhara ya Afya ya Jamii: Kutoka Muhimbili hadi Kariakoo

Kutoka Muhimbili hadi Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu. Mtu akishika Barabara ya Umoja wa Mataifa mpaka Faya, akavuka Barabara ya Morogoro, amekwisha kuingia Mtaa wa Msimbazi. Lakini maneno yanayosemwa katika kumbi za Muhimbili hayasafiri kwa wepesi huo. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama, kwa jicho la istilahi, matangazo ya mihadhara, semina na makongamano ya afya ya jamii, yaani yale matangazo ambayo wanataaluma huyaandika ili kuwaalika watu waje kusikiliza. Hatukusudii kukilaumu chuo kimoja, kwa sababu desturi tutakayoieleza imeenea katika taasisi zetu nyingi. Tumeichagua Muhimbili kwa kuwa huko ndiko elimu ya udaktari ilikoanza kutolewa nchini, mwaka 1963, na kwa kuwa jirani yake ni soko ambalo nusu ya nchi hupita.

Lugha ya kufundishia katika vyuo vyetu vikuu ni Kiingereza, na mara nyingi mhadhara wenyewe hutolewa kwa Kiingereza. Hilo lina mjadala wake mrefu ambao hatutauingia hapa. Linalotuhusu ni tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili, au lililofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya magazeti na redio. Tutunge mfano mmoja, ambao haukutolewa na chuo chochote, lakini kila asomaye matangazo ya aina hii ataitambua sura yake: “Mhadhara wa Umma: Udhibiti Jumuishi wa Vekta katika Muktadha wa Milipuko ya Dengue Mijini. Wadau wote mnakaribishwa.”

Sentensi hizo hazina kosa la sarufi. Kila neno ni la Kiswahili au limevishwa vazi la Kiswahili. Hata hivyo, mpelekee tangazo hilo muuza matairi makuukuu wa Gerezani, mtu ambaye kwa kazi yake anahusika na jambo hilo kuliko maprofesa wote, umwombe akueleze linahusu nini. Jambo moja atalijibu kwa yakini, nalo ni neno la kwanza, na jibu lake halitakuwa lile alilolitarajia mwandishi.

Neno mhadhara lina maisha mawili jijini. Chuoni ni somo ambalo mhadhiri hulitoa mbele ya wanafunzi. Katika mitaa ya Kariakoo na viwanja vya jirani, tangu miaka ya 1980 hivi, mhadhara ni mkutano wa dini wa hadhara, wenye vipaza sauti, hoja na majibizano. Mtu wa Kariakoo asikiapo “mhadhara wa umma” ana haki ya kuuliza ni wa msikiti gani. Hatusemi kwamba neno liachwe. Limekwisha kukaa, na limezaa mhadhiri, cheo kinachoheshimika. Tunasema tu kwamba neno likiwa na maana mbili katika umbali wa kilomita mbili, tangazo halina budi kuongeza maneno mawili matatu: nani atazungumza, juu ya nini, na kwamba kila mtu anaweza kuingia na kuuliza. Na si kweli kwamba chuo hakiwezi kubuni neno zuri la mambo yake. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, kilipewa jina la kile kiti kidogo cha mzee, na hakuna aliyehitaji kamusi ili kuelewa kwamba hapo ameketi mwenye hekima. Kongamano nalo limetoka katika kukongamana, na sura yake inajieleza.

Neno umma halituridhishi sana. Tangu tulipopata watumishi wa umma, mashirika ya umma na fedha za umma, neno hili limenuka serikali. Ndiyo sababu, tunadhani, Tanzania imependelea kusema afya ya jamii pale ambapo wenzetu wa Kenya husema afya ya umma. Uchaguzi wetu ni mzuri, ila una gharama yake. Muhimbili kuna skuli inayounganisha afya ya jamii na sayansi za jamii, na katika Kiingereza mambo hayo yana majina mawili tofauti kabisa. Kwetu jamii inatokea mara mbili katika jina moja, na msomaji asiyejua habari atadhani mpiga chapa amerudia. Jina la chuo chenyewe lina mushkeli wa namna hiyo. Sayansi Shirikishi imekusudiwa kutaja zile taaluma zinazofanya kazi bega kwa bega na udaktari. Lakini katika Kiswahili cha maendeleo, shirikishi ni sifa ya jambo linalowashirikisha watu, kama upangaji shirikishi au ulinzi shirikishi. Kwa hiyo jina linaahidi kitu ambacho halikukusudia kukiahidi. Sisi, kusema kweli, tungependa ahadi hiyo itimizwe kuliko jina libadilishwe.

Kuhusu jumuishi na muktadha hatuna mengi. Ni maneno halali, na yakiondolewa katika tangazo letu hakuna maana itakayopotea. Vekta ni jambo jingine. Mwanahisabati ana vekta yake na mtu wa afya ana yake, na muuza matairi hana hata moja. Anachokuwa nacho ni mbu. Ikiwa mhadhara unahusu mbu peke yake, kwa nini mbu asitajwe? Tumewahi kujibiwa kwamba vekta inajumlisha papasi, kupe, mbung’o na wengineo. Ni kweli, na katika kitabu cha mwanafunzi inafaa. Katika tangazo la mhadhara juu ya homa inayoletwa na mbu, ujumla huo unamficha mbu nyuma ya pazia.

Tunafika sasa kwenye neno ambalo hasa lilitufanya tuandike, nalo ni dengue. Laandikwa hivyo hivyo, kwa tahajia ambayo Kiswahili hakiijui, na msomaji huachwa achague kama atalitamka denge, dengi au dengu. Wengi sokoni huchagua dengu, na mzaha unafuata. Homa hii ilienea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na nyakati zote mbili ilisemwa kama mgeni aliyeingia kwa ndege, mwenye jina la kigeni. Kumbe tunalo neno la Kiswahili, na ni la kale: kidingapopo. Limo katika kamusi zetu. Dkt. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja, aliieleza homa hiyo ilipoukumba mji mwaka 1870, na akaandika kwamba wenyeji walikuwa na jina lake tayari, kwa sababu wazee waliikumbuka kutoka mwaka 1823 hivi. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba neno dengue lenyewe linatokana na jina hilo la pwani yetu, ambalo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likapokelewa na wasemaji wa Kihispania, na kisha likaingia katika vitabu vya uganga vya dunia. Si wanaisimu wote waliokubali asili hiyo. Lakini hata tukiuacha ubishi huo kando, inatosha kwamba tulikuwa na neno letu, tukaliweka kabatini, tukaazima.

Pana mfano wa pili, na huu hauna ubishi. Mwaka 1952 na 1953 homa ya viungo ilienea katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu. Madaktari wa kikoloni walipoichunguza wakakuta kirusi kisichojulikana, wakakipa jina walilolisikia kwa wagonjwa: chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Leo neno hilo linatamkwa India, Brazili na Ufaransa. Wale madaktari hawakuunda kamati. Walimsikiliza mgonjwa. Na Kariakoo yenyewe ni shahidi wa jambo hilo kwa upande wa pili: jina limetoka kwa Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na vinywa vya watu vikalifinyanga hata hakuna tena anayesikia Uingereza ndani yake.

Kwa nini kidingapopo liwe bora, na si suala la fahari tu? Hapa ndipo afya inapoingia. Mbu wa kidingapopo huuma mchana. Huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu: ndani ya matairi, madumu, mapipa, makopo, vifuu na vyungu vya maua. Chandarua, ambacho tumefundishwa kwa haki kukitumia dhidi ya malaria, hakimsaidii mchuuzi anayeumwa saa 4 asubuhi mbele ya duka. Tena mwenye kidingapopo akidhani ana malaria, akanunua dawa za malaria na vidonge vya maumivu vya jamii ya aspirini, anaweza kujiongezea hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mtu wa Kariakoo anapaswa kulijua ni kwamba hii ni homa nyingine, yenye jina lake na mbu wake. Neno asiloweza kulitamka halimsaidii kutofautisha. Atasema “malaria kali”, kama walivyosema wengi.

Mlipuko tunaukubali, ingawa kwa mashaka kidogo. Neno limekwisha kuzoeleka katika magonjwa ya mlipuko, na kipindupindu kilichoingia nchini miaka ya 1970 kimesaidia kulieneza. Lakini katika mtaa wenye mitungi ya gesi mlipuko una maana ya kwanza isiyo ya ugonjwa, na kichwa cha habari kisichotaja ugonjwa kinaweza kuwakimbiza watu. Mkurupuko, linalosikika Kenya, lastahili kufikiriwa.

Nje ya mfano wetu kuna istilahi moja ambayo mihadhara ya miaka hii inaitaja mno: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambayo baadhi huifupisha kuwa UVIDA. Ni tafsiri iliyofanywa kwa uangalifu. Kasoro yake imo katika matumizi, kwa sababu watu huikata na kubakiza usugu wa dawa, nayo dawa haina usugu. Wengine hudhani kwamba sugu ni mgonjwa, kama tunavyosema mwizi sugu, na kwamba yeye hajawahi kutumia dawa vibaya basi hayamhusu. Hatujasikia bado neno ambalo linasema waziwazi kwamba kijidudu ndicho kilichozoea dawa. Wakati huohuo kampeni ya afya iliyoitwa “Holela-Holela Itakukosti” iliingia mitaani ikaeleweka siku hiyo hiyo. Sisi wa Kiswahili sanifu tunaweza kuikunjia uso hiyo kosti. Lakini holela ni neno safi, nalo limebeba nusu ya mhadhara.

Haraka nayo ina thamani yake. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Machi 2020. Istilahi UVIKO-19 ilienea katika hati na hotuba za Serikali mwaka 2021. Muda wote huo watu walikuwa wamekwisha kulifanya korona kuwa lao. UKIMWI ulipata bahati zaidi. Ulipojitokeza Kagera mwaka 1983 watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo, na jina hilo lilikuwa na masimango mengi mno kiasi kwamba neno jipya, lenye kueleza ugonjwa bila kumcheka mgonjwa, lilipokelewa kwa nafuu. Akronimu haifaulu kwa kuwa imetangazwa. Hufaulu pale inapokuta pengo.

Tutaambiwa kwamba mhadhara wa chuo si mkutano wa kijiji, na kwamba wataalamu wana haki ya lugha yao. Tunakubali. Lakini pale tangazo linaposema “wadau wote mnakaribishwa”, limetoka chuoni. Mdau ni mwenye dau, aliyeweka chake hatarini, na katika kidingapopo mwenye dau ni yule mwenye matairi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Jina la kampeni lilikuwa na maneno matatu, na hapakuwa na hata moja la kufasiriwa.

Mfano wetu basi tungeuandika hivi: “Kidingapopo: mbu wa mchana na matairi yetu. Daktari atazungumza, nanyi mtauliza. Karibuni nyote.” Anayetaka dengue iwepo kwa ajili ya wageni aiweke chini, kwa herufi ndogo. Yamebaki mambo mawili ambayo hatukuyamaliza. La kwanza ni tahajia: kuna waandikao kidinga popo kwa maneno mawili, nasi twapendelea neno moja kama lilivyo katika kamusi. La pili ni jina la yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe, ambaye vitabu humwita kwa Kilatini. Wasomaji wanaoishi Kariakoo, Ilala na Gerezani, na wale wa Unguja na Mtwara, wakiwa wamesikia anaitwaje na wazee au mafundi, tunaomba watuandikie neno hilo pamoja na mahali walipolisikia.