Pitisha Ukucha Kwenye Maungio

Wiki iliyopita nilimkuta sangara kwenye baraza ya hoteli moja Mwanza, wa mbao na chuma chakavu, watu wakimpiga picha na kumwita kazi ya kimataifa. Nikainama nikachungulia chini ya pezi. Gundi iliyokorogwa na vumbi la mbao, juu yake rangi. Kimataifa! Mtumbwi ulioungwa hivyo usingefika nusu ya ghuba.

Sanamu ya vitu mchanganyiko haipimwi usoni. Uso hata kinyago cha stendi kinao. Tazama maungio.

Aliyewahi kukandika nyumba ya miti anajua. Udongo ukikauka hunywea, unauacha mti, na hapo katikati hubaki mwanya mwembamba kama uzi. Ukuta wote unaanza kufa kwenye uzi huo. Basi mchukue Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, 1972, aliyejulikana kwanza New York kwa picha za vipande vya magazeti. Wengi humsifu kwa zile sanamu nne za shaba zilizowekwa mwaka 2019 kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan. Nzuri, sikatai, ila shaba humiminwa ikaganda. Haigombani na mtu. Mimi namvulia kofia kwa Tree Woman ya 2016: udongo mwekundu, uji wa karatasi, gundi ya mbao, na mti wenyewe. Hivyo ni vitu vinavyokimbiana. Uji wa karatasi unafanya kazi ya zile nyasi tunazokanyagia kwenye udongo, nyuzi zake zikiuzuia usipasuke. Gundi imo pia, lakini imekandwa humo ishike. Ya yule sangara ilipakwa ifiche.

Enzi za pantoni, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, tulikuwa na muda wa kungoja hapa Busisi, na muda huo ulitufundisha mengi. Mzee mmoja, fundi mitumbwi, akiletewa kinyago alifumba macho, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye maungio. Ukikwama, anakirudisha.

"Kinavuja."

"Kinyago kitavujaje, mzee?"

"Leo hakivuji."

Ng'ambo, Kigongo, kijana mmoja aliwauzia abiria wa mabasi "mpingo" uliopakwa kiwi. Msafiri akarudi na leso nyeusi tii. Akaambiwa mpingo mbichi hutoa jasho, na akanunua kingine.

Vigezo vingine ni vyepesi. Rangi zisizidi tatu. Uzito ukae chini ya kiuno. Shanga zisiwe macho kamwe. Usiniulize kwa nini, anayejua anajua. Lakini maungio hayakwepeki: zamani, Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, waliposhindana, sanamu za mbao zilichezeshwa mikono mbele ya umati, na kiungo kilicholegea kingemwaibisha mchezaji palepale. Siku hizi sanamu inasimama tu pembeni ya kochi. Nani atajua?

Meneja wa hoteli aliniuliza namwonaje sangara wake. Nikamuuliza masika atakaa wapi. Hapohapo dirishani, alijibu, wageni wanapenda mwanga.

Nikaagiza chai.