Jinsi ya Kuchagua Plagi na Soketi

Plagi hupimwa mkononi kabla ya kufika ukutani. Ukiwa dukani Balambala, muombe mwenye duka plagi, halafu muombe na bisibisi.

Kenya tunatumia plagi ya miguu mitatu bapa, ya kiwango kilichotoka Uingereza mwaka 1947, kwa stima ya volti 240. Ifungue. Ndani kuwe na fyuzi, kipande kidogo cha kauri chenye namba juu yake: 3 kwa redio au taa, 13 kwa pasi na birika la stima. Plagi isiyo na fyuzi irudishe papo hapo. Ya pili, tazama panapobana waya: koti la nje la waya libanwe barabara, ili mtoto akivuta, nyuzi za ndani zisichomoke. Uzi wa kahawia uende kwenye fyuzi, wa buluu mkabala wake, na wa kijani na njano, yaani waya wa ardhini, kwenye mguu wa juu. Fundi mwangalifu huuacha huo wa tatu mrefu kidogo, maana ndio unaotakiwa kukatika mwisho. Kisha gusisha sumaku kwenye miguu. Shaba hainaswi; ikinasa, umeuziwa chuma kilichopakwa. Na mguu wa juu ukiwa umevikwa plastiki nyeusi, hiyo ni bandia hata kama ina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa sababu mguu huo lazima uwe shaba tupu toka ncha hadi shina.

Soketi nayo ina siri yake. Mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake kwa sababu ndio unaoingia kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo maana ule mtindo wetu wa kutia kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili ya mviringo iingie unaniudhi sana. Kijiti kinaondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya watoto, chaja inakaa bila fyuzi, na miguu ya mviringo hailingani na matundu bapa. Inalegea, inatoa cheche, plastiki inayeyuka. Nunua adapta yenye fyuzi.

Soketi zinazopokea kila plagi, zile zinazokuja na inveta nyingi za sola, mimi sizisifu hata kidogo. Ukichungulia unaona shaba ndani, maana hazina vifuniko. Pasi ya plagi nene ya mviringo kutoka Ulaya inaingia vizuri, lakini waya wake wa ardhini haugusi kitu. Stima ikivuja kwenye bati la pasi, itapita kwa anayeishika.

Msafiri wa Dubai, Omani au hija hana shida ya umbo, plagi ni hii hii. Ethiopia utakuta matundu ya mviringo, adapta inatosha. Taabu ni mizigo ya jamaa kutoka Minneapolis, Marekani. Adapta hubadilisha umbo, haipunguzi volti. Soma maandishi kwenye kifaa: chaja iliyoandikwa 100-240V haina neno. Pasi ya 120V ukiichomeka hapa itatoa joto karibu mara nne ya lililokusudiwa, na itaungua. Transfoma inayoweza kuibeba huzidi bei ya pasi mpya, kwa hiyo nunua pasi Garissa.