Siku Kumi za Oktoba: Mwaka 1989 Ukitazamwa Kutoka Ufipa

Kuna aina ya maandishi ambayo wapenzi wa muziki huyasoma kwa raha, na wahakiki huyapita bila ya kuyatupia jicho. Ni kalenda ya muziki. Mwaka mmoja huchukuliwa, matukio yake yakapangwa kwa miezi, kisha chini yake yakaorodheshwa majina ya waliozaliwa na ya waliofariki. Kalenda ya namna hii haina hoja, wala haidai kuwa nayo. Hata hivyo, kila orodha ni hukumu. Aliyeandikwa amehukumiwa kuwa ni mtu wa kukumbukwa. Asiyeandikwa naye amehukumiwa, tena bila ya kusikilizwa.

Mwaka 1989 wafaa kuwa mfano, kwani kwa wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki na ya Kati una kisa kinachovutia kuliko miaka mingi. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, jijini Dar es Salaam, alizaliwa Naseeb Abdul Juma, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Diamond Platnumz. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Oktoba, huko Namur nchini Ubelgiji, alifariki François Luambo Makiadi, yaani Franco, kiongozi wa TPOK Jazz, akiwa na umri wa miaka 51. Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo. Mwaka huohuo kampuni mpya ya Real World, aliyoiasisi Peter Gabriel na wenzake huko Uingereza, ilitoa albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, nayo ikawa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Mbali zaidi, Marekani ilimzika mtunzi Irving Berlin, aliyefariki tarehe 22 Septemba akiwa na miaka 101, na tarehe 13 Desemba akazaliwa Taylor Swift.

Mwandishi wa kalenda akizipata tarehe mbili za Oktoba, hujizuia kwa shida. Mkono wake huandika wenyewe kwamba mfalme ameondoka na mrithi ameingia. Ni maneno matamu, lakini ni matamu kwa sababu hayajapimwa. Tarehe 13 Desemba ndiyo siku aliyozaliwa Taylor Swift, na tarehe 13 Desemba mwaka 2010 ndiyo siku aliyofariki Remmy Ongala. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuunga undugu hapo. Sadfa haiwi hoja kwa kuwa imependeza. Anayetaka kujua kama Diamond ni mrithi wa Franco hana budi kuziacha tarehe na kuziendea nyimbo.

Lakini kabla ya kuziendea nyimbo, yafaa kuuliza: mwaka huo ulisikika vipi mahali pasipotajwa na kalenda yoyote? Mahali penyewe ni Ufipa, uwanda wa juu uliolala baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wake mkuu ni Sumbawanga, jina ambalo wenyeji husema maana yake ni kuutupa uchawi. Ni nchi ya baridi na upepo, yenye mahindi, ulezi na maharage, ambayo hungoja mvua za Novemba huku Oktoba ikimalizika kwa vumbi. Mkoa wa Rukwa ulikuwa na umri wa miaka 15 tu mwaka 1989, kwani uliundwa mwaka 1974. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa bado ya udongo. Upande wa ziwa, meli ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilikuwa ikipita Kipili na Kasanga katika safari zake baina ya Kigoma na Mpulungu ya Zambia.

Msomaji wa pwani akiitazama ramani ataona jambo ambalo kalenda zilizoandikwa Dar es Salaam au London haziwezi kuliona. Kwa mtu wa Kasanga, Dar es Salaam ndiko ugenini, na Kongo ni ng'ambo ya maji tu. Rumba haikumfikia mtu huyo kama bidhaa ya kigeni iliyopitia mji mkuu. Ilimfikia kama sauti ya jirani. Franco aliimba zaidi kwa Kilingala, lugha ambayo si ya Wafipa, lakini gitaa lake halikuhitaji mkalimani. Kwa hiyo tunaposema kwamba tarehe 12 Oktoba 1989 ni tarehe ya historia ya Zaire, tunakuwa tumeufuata mpaka uliochorwa katikati ya ziwa, na muziki haukuujua mpaka huo.

Remmy Ongala ndiye shahidi wa jambo hili. Alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Katika albamu ile ya 1989 mna nyimbo mbili ambazo majina yake tu ni tahakiki nzima: "Sauti ya Mnyonge" na "Muziki Asili Yake Wapi". Wimbo wa pili unauliza swali ambalo mtengeneza kalenda hujifanya amekwishalijibu. Yeye huandika: alizaliwa hapa, tarehe hii. Mtunzi aliyevuka ziwa anajua kwamba mahali pa kuzaliwa pa mtu si lazima pawe mahali pa kuzaliwa pa muziki wake. Remmy alizaliwa Kongo, lakini utunzi uliompa jina ulizaliwa katika Kiswahili cha Dar es Salaam, na mtaa wa Sinza kwa Remmy unalithibitisha hilo hadi leo.

Sasa na tuziendee nyimbo. Franco wa miaka yake ya mwisho alikuwa mtambaji. "Mario", wa mwaka 1985, unasimulia habari za kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, na usimulizi wake huchukua zaidi ya dakika 10. "Attention na SIDA", wa mwaka 1987, ni hotuba iliyofungwa ndani ya ngoma. Remmy naye alijenga hivyohivyo: sehemu ya kwanza ya hoja, inayokwenda taratibu ili maneno yasikike, halafu gitaa likafunguka kwa wachezaji. Muundo huu haukutoka hewani. Ukumbi wa dansi ulitaka wimbo mrefu, na upande mmoja wa santuri kubwa ulikuwa na nafasi ya kuubeba.

Diamond amelelewa na chombo kingine. Wimbo wake huishi katika video na katika simu ya mkononi. Hudumu dakika tatu au nne, na lazima umshike msikilizaji katika nusu dakika ya mwanzo, la sivyo atauacha. Hivyo kibwagizo kimekua na beti zimepungua. Wapo watakaosema hapa ndipo utunzi ulipoharibika. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na pwani ndiyo isiyopaswa kuitoa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi. Ndani ya dakika hizo washairi wa Unguja waliweza kuingiza kisa, kijembe na mawaidha, kwa vina na mizani isiyoyumba. Ufupi, basi, haukuwa ndio ugonjwa. Kinachopungua katika wimbo wa leo ni ubeti unaoongeza jambo juu ya ubeti uliotangulia. Nyimbo nyingi husema jambo moja vizuri, kisha zikalirudia kwa sababu halina dada.

Je, yupo urithi baina ya Oktoba 2 na Oktoba 12? Upo, lakini si wa kijiti. Mwaka 2019 Diamond aliimba "Inama" pamoja na Fally Ipupa, na mwaka 2020 akatoa "Waah!" pamoja na Koffi Olomide. Ni kusema kwamba mtoto wa Tandale alikwenda kwa Wakongo kwa miguu yake mwenyewe, miaka 30 baada ya Franco, akaomba sebene kwa wenyewe. Huo ndio ushahidi wenye uzito, kwa kuwa ni tendo la mtunzi na si ajali ya kalenda. Alichokichukua ni sehemu ya kuchezea; sehemu ya kutamba kisa aliiacha ukumbini. Mrithi aliyechukua nusu ya mali bado ni mrithi, lakini mhakiki ana wajibu wa kutaja nusu iliyobaki.

Turudi Sumbawanga. Mwaka 1989 Wafipa hawakuwa wasikilizaji tu. Walikuwa na nsimba na ngoma nyingine zao, walikuwa na kwaya za kanisa katika nchi ambayo Wamisionari wa Afrika waliifikia kupitia Karema tangu mwaka 1885, na walikuwa na sanaa ya masimulizi iliyomvutia mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuichapishia kitabu mwaka 1978. Bila shaka nyimbo zilitungwa mwaka ule, za harusi, za jembe na za mazishi. Kalenda ya 1989 haina hata moja. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwa Kiswahili taifa zima, na Kiswahili hicho kimetuunganisha. Ila wimbo wa Kifipa uliopata bahati ya kusikika ulikuwa ukiitwa ngoma ya Wafipa, au ngoma kutoka Rukwa. Kabila likawa ndiye mtunzi. Mwanamke aliyekesha akiyatafuta maneno yake akageuka kuwa mkoa.

Baadhi ya watu hulisifu jambo hili. Husema kwamba sanaa ya jadi ni ya wote, na kwamba tamaa ya kuandika jina na tarehe ni ugonjwa wa mjini. Hoja hii ina heshima yake, lakini wanaoisema mara nyingi ni wale ambao majina yao tayari yameandikwa. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2003. Sheria hizi humlinda mtunzi anayeweza kusema: wimbo ni wangu, niliutunga mwaka fulani, na shahidi ni huyu. Asiye na tarehe hana cha kupeleka mbele ya sheria. Mtayarishaji wa mjini anaweza kuuchukua wimbo wake, akauwekea kinanda, akauza, na akamshukuru "mababu". Kwa hiyo kalenda tuliyoianza kwa kuikosoa si upuuzi. Tatizo lake ni mlango mwembamba.

Mlango huo unaweza kupanuliwa, na visiwa vina mifano miwili. Siku aliyozaliwa Siti binti Saad haijulikani. Watu hukadiria mwaka 1880. Bi Kidude naye alifariki tarehe 17 Aprili 2013 bila ya mtu yeyote kuweza kuutaja umri wake kwa yakini. Hakuna kati yao ambaye angeingia katika orodha ya waliozaliwa siku fulani. Lakini Siti alimpata Shaaban Robert, aliyekaa na kuuandika wasifu wake, na Bi Kidude aliwapata waliomfuata na vinasa sauti na kamera hata dunia ikamtunuku tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Aliyewaokoa hakuwa karani wa vizazi na vifo. Ni mtu aliyekwenda mpaka mlangoni, akauliza jina, akasikiliza mpaka mwisho.

Ufipa bado haujampata Shaaban Robert wake. Waliokuwa na miaka 30 mwaka 1989 sasa wanaikaribia 70. Wanaokumbuka nani aliutunga wimbo upi, katika harusi ya nani, mwaka wa mvua ipi, wangalipo, na kila msimu wa baridi hupungua. Kazi inayotakiwa haihitaji mtambo mkubwa kuliko simu ambayo vijana wa Sumbawanga husikilizia nyimbo za Diamond. Inahitaji anayejua Kifipa, anayejua pia thamani ya ubeti, na aliye tayari kuandika mambo manne kila mara: jina la mtunzi, kijiji, mwaka kwa kadiri unavyokumbukwa, na maneno yenyewe.

Hapo ndipo mwaka 1989 utakapokamilika. Franco atabaki na Oktoba 12 yake, Diamond na Oktoba 2 yake, na Remmy na swali lake kuhusu asili ya muziki. Kando yao utaandikwa wimbo wa mama mmoja wa Ufipa, uliotungwa mwaka ule kabla ya mvua, na mbele yake litasimama jina la mtu badala ya jina la mkoa.