Oili Inayotoka

Ukimiliki Subaru Impreza yenye turbo na ukawa mkazi wa Chekereni, bondeni chini ya mji wa Moshi, utaulizwa maswali. Huku ni nchi ya mpunga. Njia za ndani hufuata mifereji, kiangazi ni vumbi, masika ni ule udongo mweusi unaong'ang'ania tairi, na gari lililolala chini namna ile, lenye tundu la kumezea hewa juu ya boneti, kila mtu ana la kusema juu yake. Kwa nini nililinunua, hilo tuliache. Kila mtu ana ugonjwa wake. Swali ninalopenda kulijibu ni lile linalofuata: kwa nini oili naibadilisha mwenyewe, na Moshi mjini mafundi wamejaa?

Si kubana matumizi. Ukinunua oili na filta dukani, mara nyingi kijana wa hapo hapo anakumwagia kwa hela ya soda, na muda si mrefu umeondoka. Lakini oili ya zamani inabaki kule, kwenye pipa lenye oili za magari mengine, na pamoja nayo inabaki habari ya yote yaliyotokea ndani ya injini tangu sevisi iliyopita. Habari hiyo anaipata aliyeshika beseni.

Gari la mbio si geni katika nchi hizi. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa mashindano ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na mwaka 1966 na 1967 ilichukuliwa mfululizo na Bert Shankland wa Dar es Salaam akiwa na Peugeot 404, gari ambalo mwalimu mkuu angeweza kwenda nalo kanisani. Miaka 30 baadaye, 1997, Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza, na nadhani vijana wengi wa Afrika Mashariki walirogwa na Subaru siku hiyo. Majina ya madereva tunayo. Ya wale waliokuwa wakijiingiza chini ya magari hayo usiku, tochi mdomoni, wachache wanayajua.

Injini yenyewe ina tabia zake. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966, kampuni hiyo imeshikilia mtindo wa silinda zilizolala ubavu, mbili huku na mbili kule. Kwenye Impreza ya turbo kuna jambo la ziada. Ekseli ndogo ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, tena oili ile ile inayolainisha injini nzima. Kutoka Chekereni, iliyo chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi lango la Marangu, lililo juu ya mita 1,800, gari linapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na turbo inafanya kazi karibu njia nzima. Ukifika ukazima injini papo hapo, oili iliyobaki kwenye turbo inaungua ilipo. Kwa hiyo unaiacha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili, abiria wakikushangaa, ndipo unazima. Kwa gari la kawaida oili unaweza kuisahau na likakuvumilia. Hili halivumilii.

Sasa kazi yenyewe. Bondeni tuna kitu ambacho ndugu zetu wa Marangu na Kibosho wanakitafuta kwa tochi: ardhi iliyolala. Kule juu, kupata uwanja wa kuegesha gari bila kuinama upande mmoja ni shughuli, na gari lililoinama halimwagi oili yote wala halipimiki. Hapa naliwasha kama dakika tano ili oili ipate uvuguvugu na kulegea, si moto wa kuunguza mkono. Nalizima, nalinyanyua kwa jeki, naliegemeza juu ya stendi za chuma, nazuia matairi ya nyuma kwa mawe. Asiyeegemeza gari juu ya stendi akaingia chini likiwa kwenye jeki tupu, huyo sina la kumwambia.

Bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inafunguliwa kwa spana ya 17. Ikishalegea, spana inawekwa pembeni, mkono unashika. Hapa ndipo raha ilipo. Unaizungusha huku ukiisukuma juu, kana kwamba unataka kuirudisha, ili oili isipenye kabla ya wakati. Vidole vinahesabu nyuzi zenyewe, unazijua zinavyokwisha. Uzi wa mwisho ukiachia, unavuta mkono kwa pembeni haraka, na oili inatoka kwa mkupuo mmoja mnene, inapiga beseni mbali kuliko ulivyotarajia, kisha inajirudisha taratibu kadiri mkupuo unavyopungua. Ukichelewa, inakuteremkia hadi kwenye kiwiko. Silinda zikiwa zimelala, oili huchukua muda kushuka kutoka pembeni, basi usiwe na haraka. Chai inanyweka.

Filta ya Subaru hii imening'inia chini ya injini, mdomo ukitazama juu, katikati ya mabomba ya ekzosi ambayo bado yana moto. Ukiitoa, angalia kitu kimoja kabla ya vyote: mpira wake umetoka nayo, au umebaki umeng'ang'ania kwenye injini? Ukibaki ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haitashikana, na oili yote itamwagika barabarani kwa muda mfupi kuliko unavyohitaji kufika Himo. Kwa kuwa mdomo wa filta unatazama juu, mpya unaweza kuitia oili kwanza ndipo uifunge, na injini ikiwaka haikai kavu sana. Mpira unaupaka oili kwa kidole. Filta unaizungusha kwa mkono hadi mpira uguse, kisha unaongeza kama robo tatu ya mzunguko. Basi.

Kukaza ndiko kunakomtenga fundi na mwenye nguvu. Bolti ya sampu ya injini hizi inataka nyutoni mita 44, kipimo ambacho mtu mzima mwenye spana ndefu anakipita bila hata kukunja uso. Nyuzi za sampu zikishaliwa hazirudi. Fundi mmoja mzee wa Majengo, pale Moshi mjini, ana neno lake kwa vijana wanaofunga bolti huku wanagombana na mtu kwenye simu: usikaze kwa hasira. Washa ya bolti ni mpya kila safari, laini, ya kubonyea. Yenyewe ndiyo inayoziba, si msuli wako.

Halafu beseni. Wengi hutazama oili nyeusi wakasikitika. Weusi si ubaya: oili iliyotoka nyeusi imebeba masizi na uchafu ambao ungebaki ndani, na mimi ningeshtuka zaidi kama baada ya kilomita elfu kadhaa za vumbi ingetoka safi. Ninachotafuta ni vingine. Naivuta kwa vidole kwenye jua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, kuna mafuta yasiyoungua yanayoteremka pembeni ya pistoni. Ikimeta, ikiwa na vumbi la rangi ya shaba, ni habari mbaya kuliko zote, kwa maana bearing zinaanza kulika, na injini hizi hazitoi onyo la pili. Filta ya zamani naikata kwa msumeno, nachomoa karatasi yake, nakunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesoma barua. Mara nyingi hakuna kitu. Saa nzima ya kutafuta kitu ambacho hakipo: mke wangu amekubali kwamba hiyo ndiyo starehe yangu.

Oili mpya nanunua kwa muuzaji ninayemfahamu, kopo likiwa na lakiri isiyoguswa, kwani makopo yanayojazwa upya yapo na hayana aibu. Lita nne na kitu zinatosha. Nawasha, nasubiri taa ya presha izime, nazima. Kupima, hapana, si leo. Kijiti cha Subaru hutoka kimepakazwa oili pande zote na kukuchanganya. Kipimo cha kweli ni cha asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha mahali palipo sawa.

Na oili chafu? Chekereni swali hili ni zito kuliko mahali pengine. Maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro ndiyo yanayolisha mashamba ya mradi wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mfereji unaopita nyuma ya nyumba yangu unaishia kwenye jaruba la mtu. Kijiko kimoja cha oili hutandaza utando unaoonekana mbali. Kwa hiyo hakuna kumwaga mtaroni. Inaingia kwenye dumu, inafungwa, na seremala anaichukua kupaka mbao za mapaa zisiliwe na mchwa. Kwa nguzo za kusimika karibu na maji simpi.

Siku hizi majirani wenye paota tila wananiletea oili chafu za kwao tuziweke pamoja. Kabla ya kuchanganya nachungulia kila moja kwenye jua. Msimu uliopita moja ilikuja na rangi ya maziwa, mwenyewe akisema injini haina neno, inapiga vizuri. Tukafungua, tukakuta gasketi ya juu imeungua upande wa maji. Akabadilisha wiki hiyo hiyo, na zamu yake ya maji ilipofika akaingia shambani kulima.