Vikundi vya Cipó na Chuo Kikuu cha Ceará
Mwaka 1994, katika kijiji cha Cipó, eneo la Pentecoste, jimboni Ceará nchini Brazili, vijana 7 walioachwa nyuma kimasomo walianza kusoma pamoja katika nyumba kuukuu ya kutengenezea unga wa mihogo, wakihimizwa na mhadhiri wa kemia, Manoel Andrade, kwa njia ya ujifunzaji shirikishi, yaani ule ambao kila mwanafunzi huwajibika kwa uelewa wa wenzake pia. Linalostahili pongezi kubwa zaidi ni kwamba waliofaulu kuingia Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará walirudi kijijini mwishoni mwa juma kuwafundisha wadogo zao, bila kusubiri wahitimu kwanza. Chuo nacho, kwa unyenyekevu ulio adimu katika elimu ya juu, kilikubali kujifunza kwa wanakijiji, kikaanzisha mwaka 2009 mpango wa vikundi kama hivyo ili wanafunzi wake wapya wasiache masomo.